Vali Inayolia

Newala, Jumapili 8 Septemba 1991

Amplifaya imelia tena leo kwenye bugi, dansi letu la Jumapili. Wimbo wa pili ulikuwa haujafika katikati. Awadhi alipiga waya mnene wa besi, na ndani ya spika kukazuka mlio mwembamba, ng'iiii, kama wa kidole kilicholowa kikizungushwa kwenye mdomo wa glasi. Awadhi akaacha kupiga, mlio haukuacha. Ulipanda, ukaikalia sauti ya dada yangu Cecilia, kisha ukashuka polepole kama uliochoka wenyewe. Vijana wa mbele wakacheka.

Bugi lilipoisha Muharami alinifuata nikikunja nyaya. Yeye ndiye kiongozi wa Kusi Jazz na ndiye anayepiga solo. Hapandishi sauti hata akikasirika.

"Bwana Anselmo, mashine ni yako. Watu wakitaka kusikia mbu, watabaki kwao."

Mashine ni yangu kwa maana ya kuitunza tu. Mimi napiga gitaa la ridhim, na tangu fundi wetu wa zamani ahamie Mtwara nimekuwa nikibadilisha fyuzi na kuunga nyaya. Amplifaya hii ni ya vali. Chama cha ushirika kiliinunulia bendi wakati mimi bado nasoma. Ukifungua mgongo wake unaziona zimesimama kama vichupa, kila moja na kijiwaya chekundu tumboni.

Daftari hili nilinunua niandike nyimbo. Nyimbo haziji, basi naandika yaliyopo.

Jumanne, 10 Septemba

Upepo na vumbi kutwa. Mama ameniletea salamu kutoka Makote, mikorosho yake imeanza kudondosha.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nimeupata ugonjwa. Niliwasha amplifaya ukumbini bila gitaa wala maikrofoni, nikachukua penseli na kugonga kila vali kidogo kidogo. Ya mwisho, kimya. Za kati, kimya. Nilipogusa ya kwanza, ile inayopokea sauti ya maikrofoni kabla ya zote, spika ikasema ting! kama kengele ya baiskeli. Nikapiga teke sakafu: ting! Nikakohoa karibu nayo: ikakohoa na yenyewe.

Kwa hiyo si nyaya. Vyuma vilivyo ndani ya hicho kichupa vimelegea kwa uzee, na kila kinachotikisika kinavitikisa. Sisi tumeiweka amplifaya juu ya sanduku la spika ya besi. Besi inatikisa sanduku, sanduku linatikisa vali, vali inapeleka mtikisiko wake kwenye spika, na spika inaanza upya. Juu ya hayo, jenereta imehamishiwa kibarazani na sakafu ni saruji moja. Nilimwonyesha Muharami.

"Badilisha," akasema.

Sina ya akiba. Niliyokuwa nayo ilipasuka mwaka juzi.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimerudi kutoka Masasi na lori la mnunuzi wa korosho. Siku hizi wanunuzi binafsi wanazunguka vijijini wenyewe na mizani zao, na Masasi madukani mtu anachanganyikiwa. Kila kitu ruksa. Kwa Mohamedi, ambaye zamani alikuwa na vibiriti na sabuni ya kipande, nimekuta redio za kaseti mbili, feni, saa zinazoimba, miwani, mashati ya mitumba hadi darini. Nikamwonyesha vali yangu niliyoifunga kwenye pamba.

Aliigeuza, akacheka bila ubaya. "Hii ni taa ya marehemu. Mwanangu, hata Dar es Salaam hutapata. Nina amplifaya mpya, ndogo kama Biblia. Haina kichupa hata kimoja."

Nilimwuliza kama ina nguvu ya kujaza ukumbi. Akasema ina nguvu kuliko sisi sote, na kwamba kuna kijana ameshanunua mbili pamoja na spika zake, anataka kuanzisha disko Newala msimu huu huu.

Nilishuka dukani na pamba yangu. Vitu vyote vya dunia vilikuwa pale, nilichokifuata hakikuwepo.

Jumapili, 29 Septemba

Hatukupiga. Kijana wa disko amepewa ukumbi. Nilisimama nje. Watu walikuwa wengi kuliko wetu wa mwezi mzima.

Jumatano, 2 Oktoba

Kama siwezi kubadilisha vali, nitaizuia isitikisike. Siku tatu nimefanya kazi hiyo, na kila hatua imebadilisha sauti kwa namna yake, jambo ambalo sikulitegemea.

Kwanza nimeishusha amplifaya kutoka kwenye sanduku. Ule mlio mzito wa kuvuma umeondoka, mwembamba umebaki. Kisha nimeiweka ndani ya kasha la mbao lenye mchanga. Hapo besi ya Awadhi ilikuwa fupi na kavu, kama mlango unaofungwa. Mwenyewe alishtuka, akatazama vidole vyake. Jana nimeliondoa kasha nikaining'iniza amplifaya kwenye boriti kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na sasa jenereta hata ikikoroma haifiki ndani.

Umebaki ule ng'iiii wa juu kabisa, wa vali yenyewe. Nilikata pete ya tyubu nikaivisha kichupa. Ikanuka, ikaanza kuyeyuka kwa joto. Cecilia alikuwa mlangoni ananiletea chakula. Akasema, "Kaka, si ufunge utambi wa jiko? Ule hauungui." Nimekata utambi mpya wa jiko la mafuta ya taa, nikauzungusha mara mbili kiunoni mwa vali na kuukaza kwa waya, juu nikaacha wazi ipate kupumua.

Nimegonga kwa penseli. Kimya.

Jumamosi, 5 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Mazoezi yalikuwa saa nne asubuhi. Wote walikuwepo. Nilijivuna, naandika ukweli. Niliwaambia wasubiri kidogo, nikawasha, nikapandisha sauti hadi mwisho, na spika zikanyamaza kiasi kwamba ulisikia kuku wakiparua nje. Muharami alitikisa kichwa kwa kukubali, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Tukaanza ule wimbo wa polepole ambao Cecilia anaingia peke yake kabla ya magitaa. Aliimba mstari wa kwanza. Sauti yake ilitoka tupu. Ule mng'aro wa juu ambao watu wa Newala wanaujua, ule unaofanya wanawake wapige vigelegele, haukuwepo. Ulikuwa wa vali. Miaka yote hii, sehemu ya sauti ya dada yangu ilikuwa kichupa kikitetemeka.

Lakini si hilo. Alipomaliza mstari alivuta pumzi, na spika mbili kubwa zikaivuta pamoja naye. Tuliisikia yote. Ilikuwa na mkwaruzo chini yake, kama magunzi ya mahindi yanayokokotwa ndani ya gunia, na mwishoni filimbi ndogo. Akaimba mstari wa pili. Akavuta tena. Magunzi, filimbi.

Cecilia aliteremsha maikrofoni hadi kiunoni.

Mwishowe Awadhi akasema, "Mashine bado ina kasoro, fundi." Alisema kwa wema, akitupa mahali pa kujificha mimi na dada yangu. Nikajibu, "Ndiyo, nitaitazama." Muharami alikuwa anamtazama Cecilia, na mimi sikuweza.

Jumapili, 6 Oktoba

Tangu mumewe Kulwa afariki mwaka jana, Cecilia na mwanawe Oliva wanakaa chumba cha uani kwangu. Mimi sina mke, chakula tunakula pamoja. Ukuta ni mmoja. Nimemsikia akikohoa, nami nikasema vumbi. Leo baada ya misa nilimkuta anapepeta mbaazi.

"Tangu lini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu Kwaresima."

"Twende hospitali kesho."

"Msimu ukiisha."

"Cecilia, watu wanapona kifua kikuu siku hizi. Wana sindano."

"Kulwa alipona?" Aliweka ungo chini. "Kaka, ulikuwepo. Uliona walivyomfanya Kulwa. Sahani yake pekee, kikombe chake pekee, kigoda chake kikichomwa moto yeye mwenyewe anatazama. Siku nikilala hospitali, mimi si mwimbaji tena, ni mgonjwa. Mpaka kufa. Nipe msimu huu. Korosho zikiisha, nitakwenda kwa miguu yangu."

Oliva alitoka chumbani na mwanasesere wa gunzi, akanisalimu, "Shikamoo mjomba." Ana miaka sita. Nikasema marahaba na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Nilipaswa kumbeba Cecilia hata kwa nguvu leo leo. Nakwenda kulala.

Jumapili, 13 Oktoba

Bugi la kwanza na sauti safi. Watu robo ya ukumbi. Mzee mmoja alikuja jukwaani akauliza, "Mama Oliva amefanyaje? Sauti imekauka." Na mwanamke aliyekaa karibu na spika alimwambia mwenzake, si kwa kunong'ona, "Anakufa yule, msikilize."

Cecilia alimsikia. Alimaliza wimbo.

Jumanne, 15 Oktoba

Muharami alikuja nyumbani, jambo asilolifanya. Hakukaa.

"Rudisha mashine juu ya sanduku. Toa na ule utambi."

"Baba Shamila, wewe mwenyewe ndiye uliyesema mbu."

"Nimesema rudisha. Watu wanataka mlio, wapewe mlio."

"Ulisikia siku ya mazoezi. Ukijua kinachofunikwa na huo mlio..."

"Bwana Anselmo," akasema, na sauti yake ikawa chini zaidi, "mimi nina bendi ya kulisha na disko mlangoni. Usinifundishe kusikia."

Alipoondoka nilifunga mlango kwa kishindo. Miaka tisa nimepiga nyuma ya mtu huyu, sikujua kwamba hana moyo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimerudisha. Vali inalia.

Jumapili, 20 Oktoba

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Korosho zimeanza kulipwa, watu wamenunua viatu. Cecilia alivaa gauni la njano. Besi ilipoingia, mlio ukapanda, naye akaukalia kama anavyojua, na hakuna aliyesikia magunzi. Vigelegele. Disko lilikuwa jirani, watu wakatoka huko kuja kwetu.

Aliposhuka jukwaani alinishika mkono, akaubana. Mkono ulikuwa wa moto.

Alhamisi, 24 Oktoba

Maji ya bomba hakuna siku ya tano. Tunanunua ya kisima cha mvua cha mwaka jana, yana wadudu.

Jumapili, 27 Oktoba

Mnyambe. Tulipiga uwanjani kwenye ardhi tupu, na kwa vile mchanga unameza mtikisiko, vali ilinyamaza wimbo wa kwanza wote. Cecilia alinigeukia. Macho yale sitayasahau. Nilikimbia nikaegemeza jiwe kati ya sanduku na amplifaya, ikaanza kulia.

Jumatatu, 4 Novemba

Siku hizi nimekuwa fundi wa kitu cha ajabu. Nimegundua kwamba nikiweka kipande cha tyubu pembe moja tu ya amplifaya, nyingine tatu zikibaki mbao kwa mbao, mlio unakuja kwenye sauti za juu pekee, pale pale pumzi ya Cecilia inapokatika. Nikiweka vipande viwili, unachelewa kidogo na kukaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kila wimbo nausogeza. Wimbo wa polepole, kipande kimoja. Wa kuchangamsha, viwili. Nakaa nyuma na ridhim yangu, jicho kwenye kifua chake, mguu kwenye sanduku, nikijua kabla yake wapi atashindwa.

Awadhi aliniambia leo, "Fundi, mashine haijawahi kulia vizuri kama sasa." Ana utani, ana watoto wanne, humletea Cecilia tangawizi. Namshukuru Mungu kwa Awadhi. Na Muharami sizungumzi naye zaidi ya "ndiyo" na "hapana".

Jumapili, 10 Novemba

Kitangari. Watu wengi. Amepungua, gauni la njano limekunjwa nyuma kwa pini nne.

Jumapili, 17 Novemba

Hatukupiga, amelala. Nimewaambia watu ni malaria.

Jumatano, 20 Novemba

Joto. Mawingu yanajikusanya upande wa bonde, yanatawanyika. Mama alikuja kutoka Makote na kikapu cha mihogo. Alimtazama Cecilia mara moja tu, kisha akanitazama mimi muda mrefu. Alipokuwa anaondoka alisema, "Wewe ndiye mjomba wa mtoto huyu."

Jioni nilimwambia Cecilia basi, imetosha, kesho hospitali. Akasema zimebaki bugi tatu. Nikasema sitawasha mashine. Akasema, "Basi nitaimba bila mashine, na wote watasikia." Ni kweli angefanya hivyo.

Jumapili, 1 Desemba

Nyimbo nne badala ya kumi. Nyingine aliimba Muharami, ambaye hana sauti. Watu walivumilia.

Jumatatu, 9 Desemba

Naandika nikiwa kwenye ngazi za hospitali ya misheni. Nguo zangu zina matope hadi kifuani. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Jana tulialikwa Chiungutwa. Mnunuzi mmoja alikuwa amemaliza ununuzi wake, akataka kuwafurahisha wakulima. Tulifunga vyombo kwenye baraza ya ghala, saruji nzuri, vali ikalia bila kusaidiwa. Mvua ya kwanza ilikuwa inanukia.

Wimbo wa tatu Cecilia alipanda juu, mlio ukapanda naye, kisha yeye akakatika na mlio ukaendelea. Kwa kitambo kidogo hakuna aliyejua. Watu walikuwa wanacheza. Spika zilikuwa zinaimba sauti yake, na yeye amesimama mdomo wazi, mkono kooni, hatoi kitu. Kisha akakohoa kwenye maikrofoni. Ilikuwa damu, nyingi, ikateremka kwenye gauni. Maikrofoni ilianguka kwenye saruji, na mashine ikapiga yowe ambalo halikukoma mpaka nilipong'oa waya.

Watu walirudi nyuma wote mara moja, kama wameambiwa. Nilimdaka. Nikaita, "Awadhi! Shika miguu!" Awadhi alikuwa ameshavua mkanda wa gitaa. Alisimama hatua chache kutoka kwetu, akasema, "Ndugu yangu, mimi nina watoto," akageuka akaingia kwenye watu. Sikumwona tena.

Aliyeshika miguu ni Muharami.

Tulimpandisha kwenye lori la mnunuzi. Mvua ikashuka kama imemwagwa, na kabla hatujafika barabara kuu lori likazama hadi ekseli. Dereva akasema tungoje asubuhi. Muharami akavua koti, akamfunika Cecilia kichwa, akaniambia, "Niwekee mgongoni." Mtu wa miaka hamsini na nne. Alimbeba kama mama anavyobeba mtoto, kwa kitenge, nami nikitangulia na tochi nikimwambia shimo liko wapi. Nilipotaka kumpokea alisema bado. Nilipotaka tena alisema bado. Damu ilimtiririka shingoni, hakujipangusa.

Tulifika kumekucha. Daktari amesema tumechelewa sana, lakini ataanza sindano.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua. Yupo. Anakunywa uji vijiko viwili.

Jumamosi, 14 Desemba

Muharami amekuja tena kwa baiskeli kutoka Newala, ameleta machungwa. Alikaa upande wa pili wa kitanda, akamenya. Cecilia alikuwa macho. Akasema polepole, akipumzika kila baada ya neno, "Kaka, humsemeshi Baba Shamila. Kwa nini?"

Niliokota ganda la chungwa lililoanguka.

"Nilimfuata Oktoba. Baada ya yule mwanamke wa kwenye spika. Nilipiga magoti. Nikamwambia amwambie kaka arudishe mlio, na asiseme kwamba nimemwomba mimi. Ungekataa. Ungenipeleka huku."

Muharami aliendelea kumenya chungwa. "Nilidhani utakataa hata nikiamuru," akaniambia bila kuniangalia. "Usiku ule nililala nikiomba ukatae."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Kumbe tulikuwa watatu, kila mmoja akingoja mwenzake amzuie.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mama amemleta Oliva dirishani. Hawaruhusu watoto ndani. Cecilia alinyanyua mkono. Oliva aliuliza kwa nini mama yake amekuwa mdogo.

Jumapili, 29 Desemba

Amefariki saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimemshika. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, mvua imekatika, hapakuwa na sauti nyingine yoyote. Magunzi, kisha filimbi, kisha filimbi peke yake. Kisha nikangoja.

Jumanne, 31 Desemba

Tumezika Makote. Muharami alisimama na Waislamu wenzake nje ya ua mpaka tulipomaliza sala zetu, kisha akachukua koleo. Awadhi hakuja.

Ijumaa, 3 Januari 1992

Hakuna kaseti ya Cecilia. Hatukuwahi kurekodi. Kila mara tulisema mashine ikitengemaa.

Leo watoto wa jirani walikuwa wanaruka kamba mbele ya nyumba ya Mama, wakiimba ule wimbo wa polepole. Walipofika juu waliminya pua na kufanya ng'iiii, wote, mahali pake hasa, pale nilipokuwa nauweka kwa kipande kimoja cha tyubu. Oliva alikuwa katikati yao, anafanya vizuri kuliko wote. Nilitaka kumwambia, hiyo siyo sauti ya mama yako. Nikafungua mdomo. Ni ipi basi ningempa?

Jumatatu, 6 Januari

Chama kimeuza vyombo vyote. Mnunuzi amechukua spika na jenereta. Amplifaya hakuitaka.

Alhamisi, 9 Januari

Muharami alikuja Makote. Nesi wa kifua amempima yeye, amemkuta salama. Amesema wote waliokaa na Cecilia chumba kimoja wapimwe, hasa mtoto. "Mimi nimekwenda kwa Awadhi pia," akasema. "Alizungumza nami kwa dirisha. Nimemwachia siku za kliniki, atakwenda au hatakwenda. Wewe lini?"

Nilisema baada ya kupanda mahindi, ardhi imelowa sasa hivi, Mama peke yake hawezi. Nilisema hivyo. Niliyasikia maneno yakitoka.

Muharami alinyoosha kidole nje ya mlango. "Nimekuja na baiskeli mbili," akasema. "Ya pili nimeazima. Mtoto atakaa kwangu, wewe utabeba mizigo. Tunaondoka sasa."

Mama alikuwa ameshafunga nguo za Oliva kwenye kanga.

Jumatatu, 13 Januari

Mimi sina kitu. Oliva anao ugonjwa. Pafu la kushoto, juu. Daktari amesema umeanza tu, na kwamba wakimshika sasa kwa sindano kila siku miezi miwili, kisha vidonge, wengi wa umri wake hupona. Alisema "wengi". Nilimwomba arudie, akarudia neno lile lile.

Nimemwambia Muharami arudi akamwambie Mama kwamba mahindi apande yeyote atakayepanda. Mimi nakaa.

Jumanne, 14 Januari

Sindano ya kwanza. Oliva alikuwa hajui ni nini mpaka alipoiona. Alinishika shati, akaomba, "Mjomba, waambie kesho. Mjomba, kesho." Alisema hivyo kwa macho ya mama yake. Nesi akanitazama, anangoja.

"Leo," nikasema, nikamkumbatia kwa nguvu ili asitikisike.

Alipiga yowe lililosikika wodi nzima hadi jikoni. Alilia sana, akavuta pumzi, akalia tena, akaniita jina baya alilolipata sijui wapi. Wagonjwa wakainua vichwa. Nesi alipangusa sindano, akasema, "Anayepiga kelele hivi bado ana mapafu, mzee. Kesho saa mbili."

Nilikaa naye mapajani, nikamsikiliza mpaka alipochoka.